Eslanda Robeson: mapenzi, filamu na pasipoti iliyozuiwa

MALUKHU, Mbale – Mwezi Machi 1930, mume na mke Weusi kutoka Marekani walifika Territet, mji mdogo kando ya Ziwa Geneva nchini Uswisi, wakaigiza filamu kwa siku chache, kisha wakaondoka. Filamu hiyo ni Borderline, jina lenye maana ya mstari wa mpaka. Mume alikuwa Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji aliyekuwa akijaza kumbi za Ulaya na Marekani. Mke alikuwa Eslanda Goode Robeson, ambaye ndugu na marafiki walimwita Essie.

Miaka 6 baada ya filamu hiyo Essie alikuwa Uganda, pamoja na mtoto wao wa miaka 8. Miaka 20 baada ya filamu hiyo, serikali ya Marekani ilikuwa imewanyima yeye na mumewe pasipoti.

Mfanyabiashara anayepakia mzigo Malukhu na kuuvusha Malaba, Busia au Lwakhakha anajua jinsi karatasi moja inavyoweza kuzuia kazi ya mwezi mzima. Kwa Essie na Paul, karatasi hiyo ilizuiwa miaka 8. Kisa chao ni cha mapenzi ya watu Weusi wawili, mapenzi ambayo ubaguzi wa rangi uliyaandama jukwaani, hotelini na hatimaye mpakani.

Binti wa Washington

Eslanda Cardozo Goode alizaliwa Desemba 15, 1895, mjini Washington. Babu yake mzaa mama, Francis Cardozo, alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa wa jimbo zima katika South Carolina, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomaliza utumwa Marekani. Heshima hiyo haikudumu. Wazungu wa kusini walirudisha utawala wao, sheria za kuwatenga Weusi zikapitishwa, na familia kama ya Cardozo zikabaki na elimu bila madaraka.

Essie alifiwa na baba akiwa bado mtoto. Mama yake aliwahamishia watoto New York na kuwalea kwa jasho lake. Katika nyumba hiyo elimu ilikuwa ndiyo mali pekee isiyoweza kunyang'anywa, na Essie aliishika. Alianza masomo ya juu Illinois, kisha akamalizia shahada ya kemia katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Aliajiriwa katika Hospitali ya Presbyterian mjini humo, katika maabara ya kuchunguza vipande vya nyama vinavyotolewa kwa wagonjwa wa upasuaji. Alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo pale. Kwa mwanamke Mweusi wa miaka ile, mshahara wa maabara ulikuwa jambo la nadra. Wengi wa rika lake waliishia kufua na kupika katika nyumba za Wazungu.

Kijana wa Princeton

Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, ndiko Essie alikokutana na Paul Robeson. Paul alizaliwa Aprili 9, 1898, mjini Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Robeson, alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akasoma na kuwa mchungaji. Mama yake alikufa kwa majeraha ya moto nyumbani mwaka 1904, Paul akiwa hajatimiza miaka 6.

Kijana huyo alikuwa na kila kipaji. Alipata nafasi ya kusomeshwa bure Rutgers, akawa miongoni mwa wachezaji bora wa mpira wa Kimarekani nchini, kisha akaingia Columbia kusomea sheria. Walifunga ndoa Agosti 1921. Mwanamume alikuwa bado mwanafunzi, na mshahara wa mke katika maabara ndio uliolipa kodi ya nyumba.

Paul alimaliza sheria mwaka 1923 na kuajiriwa katika ofisi ya mawakili. Hakukaa. Karani wa kike wa Kizungu alikataa kuandika barua alizosomewa na mtu Mweusi, na Paul akaona kwamba hata akikaa miaka 20 hatapewa kesi ya maana mahakamani. Aliiacha kazi hiyo.

Essie ndiye aliyeona mlango mwingine. Tangu 1920 alikuwa amemsukuma mumewe kuigiza katika tamthilia ndogo Harlem, wakati Paul mwenyewe aliona uigizaji ni mchezo wa kupitisha muda. Mwaka 1924 Paul alipewa nafasi kuu katika tamthilia ya Eugene O'Neill, All God's Chillun Got Wings, inayohusu kijana Mweusi anayemwoa mwanamke wa Kizungu. Habari kwamba mwanamke wa Kizungu atambusu mkono mtu Mweusi jukwaani zilitosha kuleta barua za vitisho kabla ya onyesho la kwanza. Tamthilia ilichezwa, na jina la Robeson likajulikana.

Mke aliyeshika hesabu

Mwaka uliofuata Paul na mpiga piano Lawrence Brown walifanya onyesho la nyimbo za kiroho za watumwa peke yake, bila kuchanganya na nyimbo za Ulaya. Watu walijaa. Essie aliacha maabara na kuwa meneja wa mumewe.

Kazi hiyo aliifanya kama mtu wa biashara. Alisoma mikataba mstari kwa mstari, alipanga safari, alidai malipo, aliandika barua kwa wenye kumbi na alijua ni nani amelipa na nani bado. Paul alikuwa mwepesi wa kuahidi na mzito wa kujibu barua. Waliowafahamu walikubaliana kwamba bila Essie sauti ile kubwa ingechelewa sana kufika ilikofika. Wapo pia waliomlaumu kwa ukali wake, kwa sababu mwanamke anayedai fedha hadharani hakupendwa, na akiwa Mweusi alipendwa kidogo zaidi.

Mwaka 1928 Paul aliitwa London kuimba katika Show Boat. Familia ilihamia huko na kukaa hadi 1939. Mtoto wao wa pekee, Paul mdogo, aliyeitwa Pauli, alikuwa amezaliwa Novemba 1927.

London iliwapokea kwa makofi, lakini haikuwa bila ubaguzi. Mwaka 1929 mwimbaji huyo, ambaye Waingereza walilipa fedha nyingi kumsikia, alikataliwa kuingia katika mkahawa wa Hoteli ya Savoy kwa sababu ya rangi yake. Suala hilo lilifika hadi bungeni. Essie alijifunza kwamba umaarufu unafungua ukumbi lakini si lazima ufungue mlango wa chakula.

Filamu ya mstari wa mpaka

Ndipo ikaja Borderline. Mwongozaji wake, Kenneth Macpherson, alikuwa miongoni mwa vijana waliotaka filamu iwe sanaa na si biashara ya tiketi tu. Aliwaomba Paul na Essie waigize mume na mke, Pete na Adah.

Kisa chenyewe ni kifupi. Adah, mwanamke Mweusi, amekuwa na uhusiano na Mzungu mwenye mke, aitwaye Thorne. Pete, mume wake, anafanya kazi katika mkahawa wa mji huohuo. Adah na Pete wanajaribu kurudiana. Mke wa Thorne, kwa wivu na hasira, anaingia katika ugomvi na mumewe, kisu kinatumika, na mwanamke huyo anakufa. Thorne anafikishwa mbele ya sheria na kuachiwa huru.

Mji unahitaji mtu wa kulaumiwa. Adah ameshaondoka peke yake. Meya anamwandikia Pete barua ya kumtaka aondoke. Mtu ambaye hakumgusa yeyote ndiye anayefukuzwa, na aliyemwaga damu anabaki nyumbani kwake.

Filamu hiyo haina sauti. Katika mabanda ya video ya Uganda, ambako mtafsiri huketi na kipaza sauti akiwaeleza watazamaji wanachosema waigizaji, Borderline isingempa kazi kubwa. Kila kitu kimo katika nyuso, mikono na macho ya wenye mji wanaowatazama wageni Weusi wakipita. Haikuonyeshwa sana wakati wake, kwani wengi waliiona ngumu kufuata. Leo inahesabiwa miongoni mwa filamu za mwanzo zilizowaonyesha mume na mke Weusi kama watu wenye mapenzi, makosa na uchungu wao wenyewe, katika miaka ambayo sinema nyingi ziliwataka Weusi wacheke na kubeba mizigo.

Nyufa ndani ya nyumba

Yaliyochezwa Territet yalikuja kuingia nyumbani kwao kwa sura nyingine. Mwaka huohuo wa 1930 Paul aliigiza Othello London, na Essie akagundua kupitia barua kwamba mumewe ana uhusiano na mwigizaji wa Kiingereza. Baadaye akatokea mwanamke mwingine wa Kiingereza, na kufikia 1932 habari za talaka zilikuwa zimefika magazetini.

Talaka haikutokea. Ndoa iliendelea, lakini kwa makubaliano mapya ambayo hayakuwa mepesi kwa Essie. Kuanzia hapo hakutaka tena kuwa mtu wa kubeba mizigo ya mwenzake tu. Alitaka kazi yake, kalamu yake na jina lake. Wasomaji wanaotaka kisa cha mapenzi kisicho na doa hawatakipata kwa Essie na Paul. Ndoa yao ilikuwa ya watu wawili wenye nguvu, mmoja akiwa ameumizwa, waliochagua kubaki upande mmoja wa vita vilivyokuwa vikubwa kuliko ugomvi wao.

Essie aliingia London School of Economics kusomea anthropolojia, yaani elimu ya jamii za watu na mila zao. Miongoni mwa walimu alikuwepo Bronislaw Malinowski, mwalimu yuleyule aliyemfundisha Jomo Kenyatta. Kenyatta naye alikuwa amepata kibarua cha kuigiza katika Sanders of the River, filamu ya mwaka 1935 ambayo Paul alikuwa nyota wake. Filamu hiyo ilipokamilika ikawa sifa kwa utawala wa Waingereza Afrika, na Paul akaikana na kuijutia.

Darasani Essie alisikia Wazungu wakieleza jinsi Mwafrika anavyofikiri. Alipopinga, aliambiwa kwamba yeye amesoma, kwa hiyo ni kama Mzungu na hawezi kujua. Aliamua kwenda kuona kwa macho yake.

Viza isiyotoka

Mwaka 1936 Essie alianza kutafuta ruhusa za safari. Makoloni kadhaa yalimpa viza. Afrika Kusini haikumpa. Watu wengi wangeahirisha. Essie alipanda meli na mwanawe bila viza hiyo, akitumaini kwamba jina la Robeson lingewatia haya maofisa wa Cape Town. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Waliruhusiwa kushuka.

Afrika Kusini alikutana na hali aliyoitambua mara moja. Kulikuwa na pasi za kutembelea, mabehewa ya rangi, migodi ya Johannesburg na vibarua walioishi mbali na wake zao kwa miezi mingi. Alihudhuria mkutano wa All African Convention mjini Bloemfontein, ambako viongozi Waafrika walikusanyika kupinga sheria mpya za kuwanyang'anya haki ya kura na ardhi. Aliona kwamba sheria iliyomtenga mume na mke katika migodi ya Johannesburg na ile iliyomkataza mtu Mweusi kula mkahawani Marekani zilikuwa na mzizi mmoja.

Kisha yeye na Pauli wakaja Uganda.

Mgeni wa Toro

Mwenyeji wao alitokana na ukoo wa kifalme wa Toro, Akiki Nyabongo, msomi aliyekuwa Oxford na rafiki wa familia. Essie alikaa Kabarole, alijifunza maisha ya wafugaji, aliuliza maswali ya wanawake kwa wanawake na alipiga picha nyingi. Jambo lililomgusa zaidi lilikuwa la mama yeyote. Pauli alikuwa amekulia kati ya Wazungu, akiwa Mweusi peke yake darasani na mtaani. Toro alikuta watoto wengi wa rangi yake, wenye lugha yao, mfalme wao na historia yao. Mtoto aliyezoea kutazamwa akawa mmoja wa wengi.

Toro iko magharibi, mbali na Mlima Elgon, lakini utaratibu wa rangi ulikuwa mmoja nchi nzima, na upande wa mashariki ulionekana wazi katika biashara. Reli ya Mombasa ilikuwa inafika Kampala kwa kupitia Tororo na kuvuka Mto Nile hapo Jinja, kwa daraja lililofunguliwa mwaka 1931. Tawi lake lilitoka Tororo kupitia Mbale hadi Soroti, na marobota ya pamba yalisafiri kwa njia hiyo hadi pwani. Mwafrika alilima pamba. Viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, na bei haikuamuliwa na mwenye jembe.

Rangi ilipanga hata mahali pa kulala. Mbale bado ina sehemu zinazoitwa Senior Quarters na Indian Quarters, majina yaliyobaki kutoka enzi ambapo ofisa wa Kizungu, mfanyabiashara wa Kihindi na kibarua wa Kiafrika kila mmoja alikuwa na upande wake wa mji. Jinja nayo ilijengewa Walukuba kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Iliwachukua wakulima wa kahawa wa Bugisu hadi 1954 kuwa na chama chao kikuu, Bugisu Cooperative Union, chenye makao Mbale.

Essie aliyaandika aliyoyaona. Kitabu chake, African Journey, kilitoka mwaka 1945 kikiwa na picha alizopiga mwenyewe. Wakati huo vitabu vingi kuhusu Afrika viliandikwa na wamisionari, wawindaji na maofisa wa serikali. Hiki kiliandikwa na mwanamke Mweusi aliyewataja wenyeji wake kama watu wenye akili na mipango, na aliyesema wazi kwamba mateso ya Weusi wa Mississippi na ya Waafrika ni jambo moja. Mwaka 1946 alirudi Afrika, safari hiyo akipita Kongo na nchi za Afrika ya Kati.

Siasa na gharama yake

Familia ilikuwa imerudi Marekani mwaka 1939, vita vikinukia Ulaya. Paul alifika kilele cha umaarufu. Othello yake ya mwaka 1943 na 1944 katika Broadway ilichezwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia nyingine ya Shakespeare iliyoifikia pale. Yeye na Essie walilitumikia Council on African Affairs, baraza lililoeleza Wamarekani habari za makoloni na kukusanya msaada kwa wenye njaa Afrika Kusini. Mwaka 1945 Essie aliliwakilisha baraza hilo kama mwangalizi San Francisco, Umoja wa Mataifa ulipoanzishwa.

Vita Baridi vilipoanza, serikali ya Marekani ilimwona kila anayesifu Urusi ya Kisovieti kuwa adui. Paul na Essie waliisifu. Walikuwa wametembelea Moscow na kuona watu wakiwapokea bila kutazama rangi, na waliishika kumbukumbu hiyo kwa nguvu. Hapa wana lawama yao. Habari za watu waliofungwa na kuuawa chini ya Stalin zilipoenea, hawakuzikemea hadharani, na hata baadhi ya waliowapenda walisikitika.

Adhabu waliyopewa, hata hivyo, haikuwa ya kosa lolote lililothibitishwa mahakamani. Mwaka 1949 wahuni waliwapiga mawe watu waliokwenda kumsikiliza Paul karibu na Peekskill, jimbo la New York. Agosti 1950 serikali ilifuta pasipoti yake, na Essie naye akanyimwa. Sharti la kurudishiwa lilikuwa kutia sahihi hati ya kiapo kwamba wao si wakomunisti. Walikataa, kwa hoja kwamba raia hapaswi kuapa kuhusu mawazo yake ili aruhusiwe kusafiri.

Maofisa hawakuficha sababu nyingine. Walieleza kwamba Paul akiwa nje angezungumzia mateso ya Weusi wa Marekani na uhuru wa makoloni ya Afrika, na kwamba hilo lingeiharibia nchi jina.

Kwa familia iliyoishi kwa safari, hiyo ilikuwa ni kufungiwa duka. Kumbi za Marekani zilifunga milango, redio na kampuni za santuri zikamkwepa, na kumbi za nje zilizokuwa tayari kumlipa hazikuweza kufikiwa. Mapato ya Paul, yaliyokuwa zaidi ya dola 100,000 mwaka 1947, yaliporomoka hadi dola elfu chache kwa mwaka. Nyumba yao ya Enfield, jimbo la Connecticut, ikauzwa mwaka 1953.

Lori lililosimama mpakani

Kanada ilikuwa nchi ambayo Mmarekani aliweza kuingia bila pasipoti. Mapema mwaka 1952 chama cha wachimba madini kilimwalika Paul Vancouver. Alipofika mpakani Blaine, maofisa wa nchi yake walimzuia kuvuka.

Wachimba madini hawakukata tamaa. Mei 18, 1952, lori la wazi liliegeshwa katika bustani ya Peace Arch, mahali penye mpaka wenyewe. Paul alipanda juu ya lori akaimba. Maelfu walisimama upande wa Kanada na wengine upande wa Marekani. Hakuvuka, lakini sauti yake ilivuka bila kugongewa muhuri. Tamasha hilo lilirudiwa kila mwaka hadi 1955.

Mwaka 1957 walipata njia nyingine. Paul aliimba New York kwa simu iliyopita chini ya bahari ya Atlantiki, na watu waliojaa ukumbini London wakamsikia. Miezi michache baadaye wachimba makaa wa Wales nao wakamsikia vivyo hivyo.

Essie alikuwa na njia yake. Kama hawezi kwenda duniani, angekaa pale dunia inapokuja. Akawa mwandishi wa habari za Umoja wa Mataifa kwa jarida la New World Review, akifuatilia mijadala ya makoloni katika jumba la New York. Ni katika makao hayohayo kwamba Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kuitetea Tanganyika.

Mbele ya McCarthy

Julai 1953 Essie aliitwa mbele ya kamati ya Seneta Joseph McCarthy, mtu ambaye watumishi wa serikali, waandishi na waigizaji wengi walitetemeka kusikia jina lake. Aliulizwa kama yeye ni mkomunisti.

Watu wengi waliokataa kujibu waliegemea kifungu cha tano cha nyongeza za katiba, kinachomlinda mtu asijitie hatiani. Essie alitumia hicho na kuongeza cha kumi na tano, ambacho kiliwapa Weusi haki ya kupiga kura baada ya utumwa. McCarthy alishangaa kifungu cha kura kinahusika vipi. Essie alimweleza kwamba yeye ni raia wa daraja la pili kwa sababu ya rangi yake, kwamba Weusi wa kusini bado wananyimwa kura, na kwamba baraza lililochaguliwa bila wao si la kumhoji uaminifu wake. Aliyasema kwa upole, akiwa amevaa vizuri na bila kupandisha sauti. Aliachwa aende.

Lango lafunguka

Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wizara haina mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya imani yake ya kisiasa. Kesi iliyoleta uamuzi huo haikuwa ya akina Robeson. Ilifunguliwa na mchoraji Rockwell Kent na mwenzake. Lakini hukumu ya mmoja ilifungua njia ya wote, na mwezi uliofuata Paul na Essie walipanda ndege kwenda London.

Desemba mwaka huo Essie alikuwa Accra, Ghana, katika Mkutano wa Watu wa Afrika Yote, ambao mwenyekiti wake alikuwa Mkenya kijana, Tom Mboya. Mwanamke aliyekuja Afrika mwaka 1936 akikuta bendera za wakoloni karibu kila bandari, sasa aliwasikia Waafrika wakipanga tarehe za uhuru wao na kuzungumzia umoja wa bara lao.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ugonjwa. Paul alivunjika afya na kulazwa mara nyingi, na Essie ndiye aliyezungumza na madaktari, kujibu barua na kuwazuia waandishi mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa na saratani ya matiti, na kwa muda mrefu aliificha ili mgonjwa wake asiongezewe mzigo. Walirudi Marekani Desemba 1963. Essie alifariki New York Desemba 13, 1965, siku 2 kabla ya kutimiza miaka 70. Paul aliishi kimya hadi Januari 23, 1976, alipofariki Philadelphia.

Essie aliiona Uganda ikijitawala mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963. Hakuiona siku ambayo Mganda, Mkenya na Mnyarwanda wangevuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa, jambo lililoanza mwaka 2014. Aliamini tu kwamba mtu ana haki ya kutembea na kusema aliyoyaona huko alikotoka.

Katika filamu ya Territet, barua moja ya meya ilitosha kumwondoa mume mjini, na mke alikuwa amekwisha kwenda zake peke yake. Katika maisha yao barua zilikuwa nyingi zaidi, nyingine zikiwa na muhuri wa serikali na nyingine zikitoka kwa wanawake wa Paul. Baada ya zote, miaka 44 tangu harusi yao, Essie alikuwa bado mke wa Paul Robeson, na bado ndiye aliyeshika hesabu.